Huduma ya Kupunguza Uzito

Kifurushi kinachotoka ng'ambo kwenda Ahero hubandikwa juu karatasi ya forodha inayotaja kilichomo na thamani yake: simu 1, saa 1, soksi jozi 3. Utaratibu huu wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoasisiwa mwaka 1874, humwepusha mhudumu na kazi ya kubahatisha. Njiani kifurushi hupunguzwa uzito, mwenyewe asije akachoka kukibeba juani hadi ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Kazi yenyewe ni ya kistaarabu: ukingo huchanwa kwa wembe, kisha hubandikwa utepe mpya, wa rangi nyingine. Soksi haziguswi, wizi ni dhambi. Karatasi nayo hufika salama, na ushuru hutozwa kwa thamani iliyoandikwa.