Kesi ya Mumunye na Sosi

Jumatatu
Mama mkwe ameingia kutoka Lushoto na kiroba cha mamumunye machanga, yale ya ngozi laini aina ya zukini. Zahanati wamemwambia apunguze chumvi kwa sababu ya presha. Yeye ameelewa kwamba tupunguze wote. Baba Salma ameficha kopo la sosi ya nyanya nyuma ya unga wa dona.

Jumanne
Dona imepikwa, kopo limeonekana. Kikao kimeitishwa papo hapo na mimi, mwenye miwani, nikapewa ukarani. Nimesoma: gramu 100 za sosi ya kopo iliyotiwa chumvi huwa na miligramu 470 hivi za sodiamu. Mumunye bichi la uzito huo halifikishi hata 10. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Baba Salma akasema hakuna anayekula gramu 100 za sosi. Sote tukaitazama sahani yake ya tambi.

Jumatano
Upande wa sosi umeleta likopini, ile inayoipa nyanya wekundu. Nyanya ikipikwa kwa mafuta kidogo, mwili huipata likopini vizuri zaidi kuliko ikiliwa mbichi. Hoja nzuri, na mumunye halina la kujibu. Mama akauliza likopini inatibu nini. Baba Salma akasema wataalamu bado wanachunguza. Mama akasema wakimaliza wamuite. Umeme ukakatika.

Alhamisi
Vitamini C: mumunye bichi miligramu 17 hivi, sosi 7. Mama amepiga kigelegele, huku mamumunye yenyewe yakitokota jikoni tangu asubuhi. Nikamweleza kwamba vitamini hiyo huharibiwa na moto, na nyingine hutorokea majini. Akayachota yale maji akampa Salma kikombe kizima. Salma amehamia kwa jirani mpaka magharibi.

Ijumaa
Mumunye moja limetoka chungu kama shubiri. Baba Salma alipendekeza lifunikwe kwa sosi. Nimelitupa: uchungu ule hauondoki kwa kupikwa, na sumu yake huweza kumwendesha mtu tumbo usiku kucha. Mama anasema mbegu hiyo si yake, ilitoka shamba la pili. Kuku wamelizunguka, wakaondoka.

Jumamosi
Shemeji kaja na chupa ya kechapu kama shahidi wa sosi. Kechapu si shahidi wa kutegemewa. Sehemu yake moja kwa tano hivi ni sukari. Alipoigonga kitako haikutoka kitu. Alipoigonga tena ilitoka yote, juu ya kanga mpya ya Mama. Kikao kimeahirishwa kupisha kufua.

Jumapili
Nimepika mamumunye kwa nyanya mbichi, kitunguu swaumu na mafuta kijiko kimoja, chumvi hakuna. Pande zote mbili zimekula na kila upande umedai ushindi. Tatizo ni kwamba mumunye ni maji kwa asilimia 95, nayo nyanya haiko mbali. Kufika saa kumi nyumba nzima ilikuwa na njaa. Baba Salma ametumwa chipsi mayai. Mama amemsisitizia mara mbili kwamba zake zisitiwe chumvi, watie kechapu tu.