Kumpokea shemeji Songea

JUMATATU. Shemeji anakuja kutoka Dar es Salaam kwa ndege. Anataka kuliona Ziwa Nyasa kabla likizo haijaisha. Mimi nakaa Mbinga, kiwanja kiko Songea, na katikati kuna kilomita 100 hivi za lami. Nimetoka alfajiri kwa Noah. Noah haiondoki mpaka ijae. Abiria wa mwisho alikuwa bado anakunywa chai. Tukamsubiri.

Kiwanjani mlinzi ameniambia wanaopokea wageni hukaa nje. Nje kuna benchi, nalo lilikuwa na wenyewe. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti. Tumeisikia ndege ikizunguka juu yetu, kisha mngurumo ukapotea. Imerudi Dar. Rubani amefanya sawa, na mimi nimelala gesti.

JUMANNE. Shemeji yuko kwenye foleni huko Dar, ndege ya leo imejaa. Nimekwenda Makumbusho ya Majimaji. Hapa Songea ndipo Wajerumani walipowanyonga machifu na majemadari wa Wangoni, tarehe 27 Februari 1906. Anayekuja kuoga ziwani angesimama hapa kwanza, kama angekuwa na usafiri wa kusimama nao. Jioni mvua imenyesha.

JUMATANO. Ndege imetua, ile ya mapangaboi yenye viti 76. Shemeji ameshuka. Begi lake halikushuka. Karani ameuliza rangi yake. Jeusi. Akafunua fomu za wengine waliotangulia: jeusi, jeusi, jeusi lenye utepe mwekundu. Tukaandika jeusi.

Kisha tukatoka getini, na hapo ndipo taabu yenyewe ilipo. Serikali imetumia mabilioni kukikarabati kiwanja hiki, na kazi imeonekana. Lakini hakuna gari hata moja linalosubiri ndege kumpeleka mtu ziwani. Mabasi ya Mbinga huondoka stendi kwa saa zake, ndege hutua kwa saa zake. Dereva wa teksi alitaja bei ya kwenda Mbamba Bay, kule ziwani. Shemeji akaniuliza kwa upole, "Shemeji, hiyo ni ya kukodi au ya kununua gari?" Tumepata Noah usiku. Kwenye siti ya watu watatu tulikaa wanne.

ALHAMISI. Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Zamani masika yakianza, njia hii watu waliiombea dua. Sasa ni lami. Tumepata pancha mlimani, na tairi la akiba nalo lilikuwa na pancha.

Pancha hiyo imempa shemeji nafasi ya kuona kilimo cha ngoro. Mama mmoja alikuwa shambani kando ya barabara. Tulimwamkia, akaja na jembe lake akatuonyesha. Nyasi hufyekwa, hupangwa miraba kwenye mteremko, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Katikati hubaki shimo. Mvua ikinyesha maji hutuama humo, na udongo hauporomoki bondeni. Wamatengo wamelima hivi tangu enzi za mababu. Shemeji alishika nyasi zilizooza chini ya udongo, akanusa, akauliza maswali mpaka fundi wa tairi akafika. Fundi alichukua muda.

IJUMAA. Ziwa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo koti la Mbinga hapa ni mzigo. Upepo wa kusini umevuma tangu asubuhi na wavuvi wamekataa kututoa. Tumekaa kwenye mawe. Majini, hatua chache tu kutoka ufukweni, mbuna wa buluu na wa njano walikuwa wakila mwani kwenye mawe. Wengi wa samaki hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili. Shemeji alinyamaza muda mrefu. Mchana tumekula ugali kwa usipa.

Simu imeingia: begi limefika. Limefika Songea.

JUMAMOSI. Tumerudi kulifuata. Njiani shemeji amesema angewaleta wenzake wa ofisini mwakani, ila hajui atawaambia wafikeje.

Nawaomba wenye mabasi ya Songea na Mbinga, na wakubwa wa wilaya za Mbinga na Nyasa: iangalieni ratiba ya ndege. Wekeni Kosta moja getini siku inapotua, iende moja kwa moja mpaka Mbamba Bay, na nauli ibandikwe ukutani.