Huku Kila Mkubwa Ana wa Kumzuia

Saint Paul, Minnesota

Shikamoo Baba Mkubwa, na salamu kwa wote mliokaa hapo barazani mkisubiri barua isomwe kwa sauti. Habari za baridi leo naziacha. Shangazi alishasema nikiandika tena kwamba watu wanaegesha magari juu ya ziwa na kuvulia samaki hapo hapo, ataacha kuniombea, maana hawezi kumwombea mwongo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, Baba Mkubwa, hata pale jogoo alipokukatiza. Swali nimelielewa: mkubwa wa huku Minnesota ni nani, ili niende nikajitambulishe, kwa kuwa si adabu mtu kuishi kwenye mkoa wa watu bila kufahamiana na mkuu wa mkoa. Na tukishafahamiana, nimwombee binamu yangu viza.

Viza ni fupi, tuimalize. Mkubwa wa huku ni gavana, naye hatoi viza. Viza, pasi, jeshi na noti za dola ni mambo ya Washington. Yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, ni ya jimbo: shule, magereza, barabara kubwa, leseni ya kuendesha gari, leseni ya kuvua samaki, hata usajili wangu wa kuhudumia wazee usiku. Ukitaka mfano wa karibu, angalia Zanzibar: ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na Mahakama Kuu yake, lakini pasi ni moja na Bara. Sasa wape na Dodoma, Singida na Tabora vyao, endelea hivyo mpaka serikali za namna hiyo zifike 50. Hiyo ndiyo Marekani.

Tuje kwa huyo gavana. Mkuu wa mkoa wetu anateuliwa na Rais. Taarifa ya Ikulu inatoka jioni, asubuhi yupo kwenye gari anaelekea Rukwa, na mkewe anafunga vyombo. Huku Rais hana taarifa ya namna hiyo. Gavana anapigiwa kura na wananchi, anakaa miaka minne, na Rais akimchukia vipi, atamvumilia tu. Tim Walz, aliyeingia 2019, alikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 1998 wananchi hawa hawa, watu wapole wanaoomba radhi hata ukiwakanyaga wewe, walimchagua Jesse Ventura, mwanamieleka wa kwenye televisheni. Alikuja na hoja nzuri kwamba mabunge mawili ya jimbo yafanywe moja. Wabunge wakamkatalia, na mieleka yote ile haikumfaa kitu.

Maana gavana, Baba Mkubwa, hata ndani ya serikali yake mwenyewe hana raha. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Keith Ellison, kachaguliwa kwa kura. Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, kwa kura. Mkaguzi wa hesabu, kwa kura. Sherifu wa kaunti, ambaye ndiye mwenye pingu, mabango yake yanasimama barabarani kila msimu wa kampeni kama ya diwani. Gavana hawezi kumtumbua yeyote kati yao apendavyo. Mawaziri, ambao huku ni makamishna, anawateua mwenyewe, lakini Seneti inaweza kumrudishia mtu wake. Tena mbunge hawezi kuwa kamishna bila kuacha ubunge, wakati kwetu huwi waziri mpaka kwanza uwe mbunge. Nilipomweleza hilo mfanyakazi mwenzangu, aliniuliza: sasa waziri akikosea, atahojiwa na nani, na yeye mwenyewe ni mmoja wao? Nikamwambia chai yake inapoa.

Bunge sasa. Seneti ina watu 67, Baraza la chini lina 134. Muswada upite kote kuwili kwa maneno yale yale, kisha upande kwa gavana. Akiutia saini ni sheria. Akiupiga turufu unarudi, na wakipatikana theluthi mbili kila upande, unapita akiwa amenuna. Katiba imewawekea na mwisho wa kikao: Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Wiki hiyo taa za jengo la Bunge haziwahi kuzimwa. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1905, na juu ya mlango wake wamesimama farasi wanne wa dhahabu ambao hawajawahi kufika popote.

Nimekwenda kusikiliza kamati. Mtu yeyote anaruhusiwa kujiandikisha na kutoa maoni, na hapo ndipo nilipokukumbuka. Aliingia mzee wa makamo yako, kofia mkononi, kusema habari za kibanda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu, kwamba leseni yake inamsumbua. Akaanza na babu yake alivyohamia. Alipofika kwa baba yake, mwenyekiti akagonga meza: asante mzee, dakika mbili zimekwisha. Mzee akasema asante, akaondoka! Kwenye mkutano wetu wa mtaa kwa dakika mbili wewe hujamaliza kuitikia salamu.

Msidhani lakini kwamba wanajadili mambo mazito tu. Mwaka 1984 walitunga sheria kwamba kinywaji rasmi cha jimbo ni maziwa. Najua hapo umepiga paja, Baba Mkubwa, na kusema hao ni Wagogo waliopotea njia. Mwaka 1988, baada ya kuombwa na watoto wa shule, wakapitisha keki rasmi ya jimbo, kikeki kile cha kwenye kikombe cha karatasi chenye matunda madogo ya bluu. Pande zote mbili zikapiga kura, gavana akatia saini. Naomba anayemfahamu mbunge wetu amkumbushe kwamba mlenda mpaka leo hauna sheria.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, kilichotufanya sisi wa zamu ya usiku tuache kuangalia filamu tukawa tunaangalia habari.

Uchaguzi wa Novemba 2024 ulitoa sare kwenye Baraza la chini: Republican 67, Democrat 67. Kabla hawajaapishwa, mahakama ikasema mshindi mmoja wa Democrat, wa eneo la Roseville, hakuwa akiishi pale anapogombea. Chumba alipanga, ila maisha yake yalikuwa kwenye nyumba yake nje ya mpaka. Wapinzani walikuwa wamekilinda kile chumba kujua nani anaingia na nani anatoka. Yule bwana akajiondoa. Zikabaki 67 kwa 66, na Republican wakaanza kunusa kiti cha Spika.

Democrat wakafanya nini? Hawakwenda kazini. Wote 66. Hoja yao ilikuwa akidi: Baraza lina viti 134, nusu na mmoja ni 68, na waliobaki ndani ni 67. Ni kama posa ya kwetu, upande wa mke ukigoma kuingia na kukaa nje chini ya mbuyu, ng'ombe hawahesabiki hata wawe wamejaa zizi. Januari 14, 2025, Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria ndiye anayefungua kikao cha kwanza, akaita majina, akakuta 67, akatangaza hakuna akidi, akaahirisha na kuondoka. Wale wa ndani wakasema huyu hatuhusu, wakaendelea, wakamchagua Lisa Demuth kuwa Spika na kuanza kupanga kamati.

Kati ya wale wasiokwenda alikuwemo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, wa kwanza kutoka huko kuingia Bunge la Minnesota. Kazini kwangu kuna dada wa Kisii aliyekuwa amealika watu kusherehekea. Ikabidi awaeleze wageni kwamba mbunge wetu kazi yake ya kwanza bungeni ni kutofika bungeni.

Mnadhani nani aliamua? Kule kwetu wazee wa chama wangeitana, wangefunga mlango, na asubuhi tungesikia tumekubaliana. Huku walikimbilia Mahakama ya Juu ya jimbo, yenye majaji saba. Majaji hao huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka sita, ila wengi huanza kwa kuteuliwa na gavana pale kiti kinapokuwa wazi, na wote saba wa wakati ule waliteuliwa na magavana wa Democrat. Mimi nikasema basi, mchezo umekwisha, wale 66 wameshinda.

Kumbe majaji wakaanza na gavana! Walz alikuwa amekwishaita uchaguzi mdogo wa Roseville ufanyike Januari 28. Majaji wakamwambia ameita mapema kuliko sheria inavyoruhusu, wakaufuta. Kisha Januari 24 wakawageukia wale wa ndani: akidi ni 68, kwa hiyo Spika wenu si Spika, na yote mliyopitisha ni maneno ya barabarani. Katika mwezi mmoja wamemchapa gavana aliyeteua baadhi yao na wamelichapa Bunge, na hakuna jaji aliyehamishiwa Rukwa.

Ikabidi waongee. Mwanzoni mwa Februari wakaelewana: Demuth awe Spika, safari hii kwa akidi, na viti vikirudi sare kamati ziwe na wenyeviti wawili wawili, mmoja wa kila chama. Uchaguzi mdogo ukafanyika Machi, Democrat wakashinda, ikarudi 67 kwa 67. Miezi yote hiyo ya kuvutana, wakaishia pale pale walipoanzia Novemba. Aliyewaongoza Democrat katika mvutano ule, Melissa Hortman, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mumewe Juni 14 mwaka huo huo. Hapo sina utani. Jiji lilinyamaza, na watu wa vyama vyote viwili walilia.

Hii nyingine ni yako hasa, kwa kuwa wewe ni mtu wa makao makuu. Mwaka 1857, Minnesota ikiwa bado haijawa jimbo kamili, wabunge walipitisha muswada wa kuhamisha makao makuu kutoka Saint Paul kwenda mji mdogo wa Saint Peter. Mwenyekiti wa kamati ya kuhakiki miswada alikuwa Joe Rolette, mfanyabiashara wa ngozi. Akauchukua muswada, akauweka mfukoni, akatoweka. Wabunge wakamngoja, askari wa Bunge akatumwa amtafute. Kumbe yuko hotelini hapo hapo mjini, chumba cha juu, anacheza karata! Alikaa huko mpaka muda wa kikao ukaisha, ndipo akajitokeza. Wenzake walishaandika nakala nyingine na gavana akaitia saini, lakini mahakama ikasema karatasi ile siyo sheria. Saint Peter mpaka leo ni mji mdogo mtulivu. Sisi uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanyika 1973, na serikali ilianza kuhama kwa kishindo 2016, baada ya tamko la Rais Magufuli, na sheria ya kuitamka Dodoma makao makuu ikaja 2018. Wala hakuna aliyeiba karatasi.

Mfumo huu nikisema naupenda nitakuwa nimeongeza chumvi. Una gharama. Katiba yetu inampa Rais ruhusa ya kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo bajeti ikija pale Dodoma inapita. Gavana wa huku hawezi kulivunja Bunge, na Bunge haliwezi kumfukuza kwa sababu ya bajeti, kwa hiyo wasipoelewana wanatazamana tu. Julai 2011, gavana Mark Dayton wa Democrat na Bunge la Republican walitazamana siku 20. Hifadhi zikafungwa, bahati nasibu ikasimama, maelfu ya watumishi wakarudishwa nyumbani, na ikabidi jaji aagize huduma za lazima, kama magereza, ziendelee. Mimi nilikuwa bado sijafika, lakini wenyeji wanaikumbuka kwa jambo moja. Vibali vya baa vya kununulia pombe vilikuwa vinakwisha muda na ofisini hakuna wa kuvihuisha, na kampuni kubwa ya bia ikaambiwa iondoe chapa zake madukani kwa sababu usajili umepita. Bajeti ikapatikana haraka baada ya hapo. Wapo wanaosema ni sadfa.

Shangazi naye ameuliza, huko nyuma ya jogoo, kwamba kama Mkisii ameweza, mimi nangoja nini. Shangazi, kwanza ni lazima niwe raia wa huku, na sheria yetu haitaki uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo itabidi niirudishe pasi ya Tanzania. Pili ni lazima niishi kweli pale ninapogombea, na zamu zangu zilivyo, wakikilinda chumba changu watasema hakuna mtu anayeishi humo. Vile vitenge ulivyokwisha kununua kwa ajili ya kampeni yangu, vishoneni kwa ajili ya harusi ya Krismasi.

Binti yenu,
wa Saint Paul