Masheha Watatu Nyumba Moja

Wajenzi wa nyumba zetu za Mji Mkongwe, Unguja, walikusudia kuzuia joto, kelele na macho ya jirani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na kitu. Waifai hawakuijua, lakini hakuna walichokizuia vizuri zaidi. Ruta ya kampuni imefungwa ukumbini chini, na ukipanda ngazi kidogo tu simu inaanza kuhangaika. Mawimbi ya gigahezi 5, ambayo boksi la ruta linayasifia kwa herufi kubwa, hayafiki hata jikoni. Yale ya gigahezi 2.4 hayana kasi lakini yana moyo. Yanajikokota mpaka katikati ya ngazi. Basi Mama akahamishia kigoda chake hapohapo, akawa anatazama tamthilia zake za Kituruki kwenye simu huku sisi wapita njia tukimruka na kuomba radhi.

Kutoboa ukuta fundi alikataa. Alinikumbusha kuwa mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, akasema yeye hataki jina lake litajwe huko. Waya ukapitishwa dirishani, ukapanda kwa nje sambamba na kamba ya kuanikia nguo, ukaingia ghorofa ya kwanza kwa dirisha jingine. Mpaka leo kuna siku unakuta kanga imeanikwa juu ya intaneti.

Huko juu ndiko ilikofungwa ruta ya pili, aliyoileta Mjomba kutoka Muscat, ina antena nne zilizosimama kama inasali. Ya tatu aliinunua mdogo wangu, akaiweka chumbani kwake darini, akaipa jina "Usiombe". Kikao cha familia hakikukaa. Kila mtu alileta yake kwa nia njema, akachomeka waya kwenye tundu lililokuwa wazi, ikawasha taa za kijani, akashukuru Mungu.

Sasa, ruta ikitoka kiwandani inaamini iko peke yake duniani. Kazi yake moja ni ya usheha hasa: kila simu, kompyuta au televisheni inayoingia inaandikishwa na kupewa anwani. Masheha wetu wote watatu walijiita 192.168.1.1, na kila mmoja akawa anatoa barua za ukaazi bila kumuuliza mwenzake. Televisheni ya Mama, ambaye sasa alikuwa amerudi chumbani kwake kwa heshima zote, ilipewa 192.168.1.12 na sheha wa chini. Kisanduku cha diski nilichokiweka kabatini kikapewa 192.168.1.12 hiyohiyo na sheha wa Muscat.

Kisanduku hicho ndicho kilichobeba mambo ya ukoo: picha za Babu akiwa na tarbushi, sauti za maulidi, na video za harusi. Usiku nikiwa nanakili picha, ghafla kinapotea. Kwenye kompyuta hakipo, kabatini kinawaka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikamshuku panya. Kisha nikasikia muziki wa tamthilia ukianza chumbani kwa Mama. Alipozima, diski ikarudi. Alipowasha, ikaondoka.

"Mama, hebu zima kidogo nijaribu kitu."

"Mwanangu, huyu bwana ndiyo kwanza anataka kufungua bahasha. Jaribu kesho."

Kwa hiyo kesho yake nikawavua usheha wawili. Ruta ya Mjomba nikaipa 192.168.1.2, ya mdogo wangu 192.168.1.3, nikazima ndani yao ile huduma ya kugawa anwani, zikabaki kusambaza mawimbi tu. Mdogo wangu alinuna, akasema "Usiombe" imedhalilishwa.

Nyumba ikatulia. Hapo Dada, anayeishi Muscat, akapiga simu: anataka kuiona video ya harusi ya binamu yetu, ambayo hakuhudhuria. Si kwa kurushiwa vipandevipande kwenye WhatsApp. Anataka aingie kabatini mwenyewe, achague.

Maelekezo yote niliyosoma yalisema ni rahisi: ingia kwenye ruta, fungua mlango wa nje, uelekeze kwenye diski. Nikafungua. Dada akabisha hodi kutoka Muscat, kimya. Nilipotazama anwani ambayo ruta yetu imepewa na kampuni nikakuta inaanzia 100.72. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Intaneti unapata, mzee?"

"Napata."

"Basi iko sawa."

Haikuwa sawa. Anwani za IPv4 duniani kote ni kama bilioni 4.3, na zimeliwa zamani. Kwa hiyo makampuni mengi yanawapanga wateja nyuma ya anwani moja ya nje, na ndani yanawagawia zile za kuanzia 100.64 mpaka 100.127, zilizotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Kumbe juu ya sheha wangu kulikuwa na mkuu wa wilaya, na huyo hakai kwangu nikamzima. Mlango niliokuwa nimeufungua ulitazama ua wa kampuni.

Dawa ilikuwa kuacha kungoja hodi. Programu kama Tailscale inafanya pande zote mbili zitoke nje zenyewe, kisanduku kutoka Unguja na simu kutoka Muscat, zikutane huko na kuzungumza kwa siri. Kutoka hakuna anayekuzuia. Kuingia ndiyo balaa. Dada akaona mafaili kwenye simu yake, akapiga vigelegele mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Ila video ina gigabaiti 40, na kasi yetu ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Piga hesabu: karibu siku mbili mfululizo, umeme usikatike. Umeme ukakatika. Ikaanza tena pale ilipoishia, ikakatika tena, mpaka ikafika yote.

Dada aliitazama kwa makini ambayo mpiga picha mwenyewe hakuwa nayo. Ukumbini, meza ya tatu, nyuma ya keki, aliona bangili zake za dhahabu mkononi mwa Shangazi. Bangili ambazo mwaka mzima anaambiwa bado ziko kwa sonara.

Shangazi alikuja kwangu jioni hiyo, peke yake, kaleta na sahani ya kaimati.

"Mwanangu, hicho kidude chako cha Muscat," akasema kwa sauti ya chini, "kinafungikaje?"

Nikamwonyesha waya.