Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto

Barua za juma hili, isipokuwa moja iliyoomba dawa ya kumtuliza mume mkali, ambayo nimeirudisha kwa kuwa mimi si mganga, zote zahusu kupunguza mwili. Nazijibu kwa kadiri ya wasaa nilionao.

*Bwana Mshauri, daktari aliniamuru nile kikombe kimoja cha wali kwa kila mlo. Tangu mwezi mosi Shaabani napima kikombe kimoja cha mchele kwa mkono wangu mwenyewe, sizidishi hata punje, na gauni la harusi ya mdogo wangu bado halinipiti mabegani. Je, nimerogwa? — Mpimaji Mwaminifu, Unguja*

Bibi yangu mheshimiwa, hukurogwa, wala daktari hakukuhadaa. Ila kati ya kinywa chake na sikio lako neno limegeuka, yeye akisema wali nawe ukisikia mchele. Mchele uingiapo chunguni hunywa maji, hata gramu 100 zikawa karibu gramu 300, kwa hiyo kikombe chako kimoja kikiisha kuiva huwa vikombe vitatu, na vyote vitatu, kama nilivyofahamu kwa barua yako, wavila wewe. Maji hayanenepeshi mtu, lakini mchele uliomo ni ule ule mzima. Ama upime kibichi uhesabu kibichi, ama upime kilichoiva uhesabu kilichoiva. Kuchanganya mawili haya ndiko kulikolifunga gauni.

Tena nakusaili juu ya hicho kikombe. Kikombe cha kupimia ni cha mililita 240 au 250, nacho kile cha maua alichonywea marehemu babu huenda kikapita hapo mbali. Wazee wetu, ambao kwao vibaba vinne ni pishi moja, hawakuridhika kutaja kibaba pasipo kutaja namna yake: kulikuwa na kibaba cha tele, kilichofanya kilima juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa kwa kiganja hata kikalingana na ukingo, na ugomvi mwingi wa dukani ulikuwa humo, maana mnunuzi hutaka tele, naye muuzaji hupenda mfuto. Masaibu ya mtu ajipimiaye chakula chake ni kwamba yeye ndiye muuzaji na yeye ndiye mnunuzi, wala hapana wa tatu wa kuamua, nami katika umri wangu sijapata kumwona muuzaji akishinda. Chukua kisu, bibi yangu, ukipitishe ukingoni, na kitakachoanguka kirudi guniani, kisiende kinywani.

*Mke wangu amenunua mizani ya jikoni, naye hupima wali wangu mbele ya wageni. Mafuta humimina kwa macho. Nifanyeje? — Mume Aliyetiwa Mizanini, Tanga*

Sahibu, mintarafu ya wageni sina la kukufaa, kwani aliyeoa alikwisha kupimwa siku ya posa. Lakini juu ya mafuta una haki, na ukiitumia kwa upole utashinda. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kiasi cha kalori 120, ilhali kikombe kizima cha wali mtupu ni kama 200. Basi chupa ikiinamishwa juu ya sufuria kwa muda wa mtu kupiga chafya, na mpishi akasema “kidogo tu,” kikombe kizima cha wali kimekwisha kuingia mchuzini bila kuonwa na mtu. Mwambie aiweke chupa juu ya mizani kabla ya kumimina na baada yake, na tofauti iliyopo ndiyo mliyokula. Tui nalo alipime, hasa lile zito la kwanza, kwani mafuta mengi ya nazi yamo humo.

Nami nisijifanye mjuzi asiyekosa. Mwezi wa kwanza wa kutumia mizani yangu nilipima wali pamoja na bakuli la udongo, nikanyimwa chakula na bakuli langu mwenyewe, nikakonda, nikajisifu barazani kwa subira yangu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kuwa mizani yataka kurudishwa kwenye sifuri bakuli likiwa juu yake, na unene umerudi wote.

*Twala sinia moja watu watano. Fungu langu nitalipimaje? Na je, ukoko huhesabiwa? — Mla na Wenziwe, Lamu*

Ndugu yangu, ukijipakulia katika sahani yako peke yako watasema umefarakana nao, na maneno hayo yatadumu kuliko unene. Walakini adabu imekwisha kukukatia fungu: mtu hula kilicho mbele yake. Kabla ya Bismillahi liangalie pembe lako, likadirie, na likiisha nawa mkono. Usilifuate pande la nyama lililolala katikati kana kwamba limekuita kwa jina.

Ama ukoko, huhesabiwa. Nilisikitika kama utakavyosikitika wewe.