Mfenesi na Vituko Vyake

Anayetamani mfenesi uani huanza na kokwa za fenesi alilokirimiwa na jirani. Huziosha, huzianika dirishani, kisha huzisahau mpaka masika. Haioti hata moja. Kokwa hizi hazivumilii ukavu. Zikikaa wiki chache hufa, kwa hiyo huzikwa zikiwa bado mbichi. Tena zizikwe palepale mti utakaposimama, maana mche ukihamishwa na mzizi mkuu ukakatika, husinyaa na kususa.

Miaka ikipita, vijifenesi hutokeza matawini na nyumba nzima hushangilia. Baada ya muda mfupi vinageuka vyeusi, vinaota ukungu, vinapukutika. Hapo jirani yuleyule huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni: ana kijicho huyu! Maskini, hana kosa. Yale yalikuwa maua dume, ambayo kazi yake ni kutoa chavua na kuanguka. Maua jike, yaliyo kwenye mti huohuo, ndiyo yanayonenepa.

Na yananenepa kweli. Hakuna tunda la mtini linalolishinda fenesi kwa ukubwa. Mengine hupita kilo 30, ndiyo sababu huning'inia kwenye shina na matawi manene. Kuliangua kunataka kamba, mtu wa juu na mtu wa chini. Wa chini asiwe mbishi.

Kasheshe yenyewe huja kisu kikishaingia. Utomvu mweupe hutiririka, na mtu asiyejua hukimbilia maji na sabuni. Havifui dafu. Utomvu huo hutumika hata kuwa ulimbo wa kunasia ndege, sembuse vidole! Hunata kwenye kisu, kwenye ndevu, kwenye kitasa cha mlango, na kwenye simu inayoita wakati huohuo. Wazoefu hujipaka mafuta ya nazi mikononi, na kisu nacho hukipaka, kabla ya kuanza. Aliyesahau hujisugua kwa mafuta ya taa, kisha hula fenesi lenye ladha ya kibatari.

Kampala wamerahisisha mambo: wauzaji wa barabarani huuza vipande vilivyokwisha kuchambuliwa.

Mwenye mti hana njia hiyo ya mkato. Fenesi likiiva hunukia mtaa mzima, na halikai siku nyingi kabla ya kuoza, kwa hiyo haliwezi kufichwa wala kuwekwa akiba. Lazima majirani waitwe, akiwemo yule aliyesingiziwa kijicho. Ukiitwa, nenda na bakuli lako, na mafuta ya nazi usiyasahau.