Kwa Waheshimiwa Mahakimu wa Barazani, Ng'ambo

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima ziwapasazo watu wa makamo yenu, mimi jirani yenu, ambaye kwa miaka mingi nimenywa kahawa yenu na kusikiliza hukumu zenu pasipo kutia neno, naomba ruhusa ya kuuliza jambo moja la utaratibu.

Mahakama yenu ya sementi, isiyo na karani wala jalada, ndiyo pekee Unguja itoayo hukumu kabla kahawa haijapoa: kijana akipita anazungumza peke yake, amekwisha kuwa wa Kidongo Chekundu, akipita kakonda, ni teja. Kwa wepesi huo mmewapita madaktari, ambao maskini huuliza, hupima, husubiri, na baadaye hukiri kuwa hawana yakini. Jina la mahali penye hospitali ya wagonjwa wa akili, ambalo asili yake ni udongo tu, mmeligeuza tusi kwa ustadi hata mama huona sitara zaidi kumfungia mwanawe chumba cha uani kuliko kuonekana akishuka naye kwenye daladala ya huko.

Sasa yuko Fulani, fundi cherehani, ambaye unga ulimchukua miaka sita, na huu ni mwaka wa tatu huamka alfajiri kwenda kunywa methadoni mbele ya muuguzi, dawa ile iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikavuka bahari kutufikia. Arosto imemwacha, nyinyi bado. Ijumaa iliyopita, alipoingia msikitini, niliwaona watatu kati yenu mkirudi mlangoni kuhamisha ndara zenu, na ilipokosekana jozi moja baada ya sala hukumu ilipita pale pale ngazini, ingawa jioni jozi hiyo ilionekana miguuni mwa mheshimiwa mmoja wenu, aliyeivaa kwa kughafilika, na ambaye, nashukuru, hakuna aliyemwita mwizi wala mwendawazimu.

Maadamu mlango wa kuingilia mahakamani kwenu ni mpana hivi, wa kutokea uko wapi? Kama ipo fomu ya kumvua mtu jina, nijulisheni ada yake na idadi ya picha zitakiwazo, nami nitaijaza kwa niaba yake, kwani asubuhi yeye huwa na foleni. Na ikiwezekana itoke kabla ya Ijumaa, nipate kuswali bila ya kuwalindia viatu.

Wenu mtiifu,
Jirani wa mkono wa kushoto